Farasi wa Safari Ndefu Walikula Nini?



Siku moja katika darasa la Suratul 'Aadiyaat, tulipofika kwenye farasi wanaohema, wanaotoa cheche kwa kwato zao na kumfikia adui alfajiri, mwanafunzi mmoja mdogo alinyanyua mkono akauliza: "Ustadhi, kama wamekimbia usiku kucha, wanakula saa ngapi?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Nilikuwa nadhani kwamba farasi hodari ni suala la mbegu yake na ujasiri wa anayempanda, basi. Baada ya kupekua vitabu kidogo nimeona kwamba waliotutangulia hawakufikiri hivyo. Kwao, sehemu kubwa ya mbio ilikuwa imekwisha kukimbiwa wiki kadhaa kabla, nyumbani, mbele ya chakula.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi katika makundi mawili. Farasi waliofanyiwa idhmaar walikimbia kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa', na wale ambao hawakufanyiwa walikimbia kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zurayq. Sufyan, mmoja wa wapokezi, alikadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, na kuna riwaya kwamba farasi wake aliruka naye ukuta wa msikiti. Watoto hukipenda sana kisa cha ukuta. Lakini tusiiruke hesabu iliyomo: wale walioandaliwa walipewa masafa mara tano au sita ya wale ambao hawakuandaliwa, na hakuna farasi aliyebebeshwa asichokiweza.

Sasa idhmaar ni nini? Wanachuoni waliosherehesha Hadithi, kama Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 Hijria, sawa na 1449), wameeleza kwamba farasi hulishwa vizuri mpaka anenepe na kupata nguvu. Kisha chakula chake hupunguzwa hadi kiasi cha kumtosha tu. Huingizwa ndani, akafunikwa mashuka mazito, akapata joto na kutoka jasho, na jasho linapokauka nyama yake huwa imekaza na pumzi yake imekuwa ndefu. Watu wa lugha wanataja muda wa siku arubaini. Kwa maneno mengine ni ratiba ya lishe: kwanza kujenga akiba, kisha kuondoa uzito usiohitajika bila kumdhoofisha mnyama.

Daktari wa mifugo wa leo angekubaliana na hatua mbili za mwanzo. Ile ya mashuka asingeikubali, maana jasho la farasi lina mambo yake ambayo tutayaeleza mbele. Hata hivyo inafaa tukumbuke kwamba watu wale hawakuwa na mizani wala maabara. Walikuwa na macho yao na mikono yao juu ya mbavu za mnyama.

Kisa kilichonigusa zaidi kimo katika Musnad ya Imam Ahmad. Rawh bin Zinbaa' alikwenda kumzuru Swahaba Tamim ad-Dari (R.A.), akamkuta anachagua shayiri za farasi wake huku watu wa nyumbani kwake wakiwa wamemzunguka. Akastaajabu, akamuuliza kama hakuna hata mmoja kati ya hawa wa kumfanyia kazi ile. Tamim akajibu kwamba wapo, lakini amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba Muislamu anayemsafishia farasi wake shayiri kisha akamtundikia huandikiwa jema moja kwa kila punje. Na katika Bukhari imo Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) kwamba anayemfuga farasi kwa ajili ya Allah, basi chakula cha farasi huyo, maji yake, hata mavi yake na mkojo wake vitawekwa katika mizani yake Siku ya Kiyama.

Neno "akamtundikia" tusilipite hivi hivi. Shayiri zilitiwa kwenye mfuko, na mfuko ukatundikwa kichwani mwa farasi, mdomo wake ukiwa ndani. Ukimwagia farasi nafaka chini katika nchi ya mchanga, ataila pamoja na mchanga. Mchanga ni mzito, hukaa chini ya utumbo siku baada ya siku, mpaka unamletea msokoto wa tumbo. Na farasi, kinyume na mbwa au paka, hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Basi mzee yule aliyekaa na familia yake akitoa mawe na vumbi katika shayiri alikuwa akitafuta thawabu, na wakati huo huo akimkinga mnyama wake na maumivu yanayoweza kumuua.

Hapa ni lazima tulieleze kidogo tumbo la farasi, la sivyo yaliyobaki hayataeleweka. Ng'ombe ana tumbo kubwa la mbele na hucheua. Farasi hacheui, na tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 tu. Kazi kubwa hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, ambako vijidudu visivyohesabika huchachusha majani na kuyageuza kuwa nguvu inayotoka polepole kwa saa nyingi. Vijidudu hivyo huzoea chakula fulani. Ukimbadilishia farasi chakula ghafla, au ukamshindilia nafaka nyingi kwa mkupuo, vinakufa kwa wingi, sumu inaingia katika damu, na farasi anapata msokoto au kwato zake zinavimba kwa ndani asiweze kusimama.

Historia ya bahari yetu ya Hindi ina ushahidi mchungu wa jambo hili. Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa takriban mwaka 1331, alipoondoka Kilwa alipanda jahazi hadi Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Akaandika kwamba farasi wazuri walisafirishwa kutoka hapo kwenda India, safari ya mwezi mmoja upepo ukiwa mwema, na kwamba wanyama wa Dhofar walilishwa dagaa, jambo ambalo hakuliona kwingineko. Marco Polo naye, kabla yake, aliandika kwamba huko Shihr, pwani hiyo hiyo ya Arabuni, hata farasi walikula samaki wadogo. Msomaji wa Kigoma au wa Mwanza anayejua dagaa wakavu watabasamu, lakini nchi isiyo na majani hulisha ilichonacho, na mnyama aliyezaliwa pale alikuwa amekizoea tangu utoto.

Msiba ulikuwa ng'ambo. Katika nchi ya Ma'bar, kusini mwa India, farasi hao walinunuliwa kwa bei kubwa, kisha wakafa. Marco Polo anasema mfalme mmoja alinunua zaidi ya elfu mbili kwa mwaka, na mwaka ukiisha hawakubaki hata mia. Hata tukiiondoa chumvi aliyoitia, msiba unabaki msiba. Sababu mojawapo aliyoitaja ni kwamba walipewa wali uliopikwa pamoja na nyama. Wassaf, mwanahistoria wa Uajemi, anataja shayiri zilizokaangwa, nafaka iliyotiwa samli, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Joto na unyevu vilichangia, na matabibu wa farasi hawakuwepo. Lakini chukua mnyama aliyezoea majani makavu, shayiri mbichi na samaki, mpitishe mwezi mzima baharini, kisha mpe wali na samli. Waliomlisha hawakuwa na chuki naye. Huenda walimpa chakula bora walichokijua, kile ambacho mtu humwekea mgeni wake.

Kuna wakati watawala walilielewa somo hili vizuri. Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alipanga barid, posta ya farasi, ambayo ilifikisha habari kutoka Cairo hadi Damascus kwa siku nne. Tunasifu kasi, lakini kasi ilitokana na vituo vilivyokuwa na farasi wabichi waliopumzika, maji na malisho yaliyowekwa tayari. Farasi hakulazimika kubeba safari nzima katika mwili wake mmoja.

Kwa Mabedui haikuwa hivyo, mwenye farasi alikuwa na huyo huyo mmoja. Huko Najd, ambako mvua ni chache, farasi walinyweshwa maziwa ya ngamia. Lady Anne Blunt wa Uingereza, aliyefika Hail mwaka 1879, ni mmoja wa walioandika habari hizo. Maziwa yalikuwa maji na chakula kwa pamoja pale ambapo kisima kiko mbali. Na Algeria, Amir Abdulqadir (1808–1883), aliyepigana na Wafaransa kwa miaka 15, alikuja kuandikiana na Jenerali Daumas, mmoja wa wapinzani wake, kuhusu farasi wa Sahara. Katika kitabu cha Daumas imo kanuni ya Waarabu kwamba shayiri ya jioni ndiyo inayojenga mwili, na ya asubuhi huishia jaani.

Niliidhania methali tu ya wazee. Kumbe elimu ya leo inaiunga mkono. Farasi akila nafaka nyingi muda mfupi kabla ya kuanza safari, sukari hupanda katika damu yake, insulini nayo inapanda, na mwili unaacha kuchoma mafuta, ambayo ndiyo akiba ya masafa marefu. Atatoka kwa nguvu, na atachoka mapema. Kwa hiyo asubuhi ya safari hupewa majani makavu, si nafaka.

Mbio za masafa marefu za zama hizi zilipata umbo lake Marekani mwaka 1955, Wendell Robie alipoanzisha safari ya maili 100, yaani kilomita 160, kuvuka milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, California, ndani ya saa 24. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Roma mwaka 1986, na mwaka 1998 yalifanyika Dubai. Wanaotawala mbio hizi ni farasi wa Kiarabu, wenye misuli inayojua kuchoma mafuta polepole.

Chakula chao kikuu bado ni majani makavu, kilo 6 hadi 8 kwa siku kwa farasi wa kilo 400. Majani yanavuta maji na kuyahifadhi katika utumbo mpana kama tangi la akiba. Huongezewa mafuta ya mimea, kwa kuzoeshwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na nafaka kwa kiasi. Halafu chumvi. Penye joto farasi anaweza kutoa jasho lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu. Sisi tukitoka jasho damu yetu hubaki na chumvi nyingi, tukahisi kiu. Farasi hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, hivyo anaweza kuwa amekauka na asihisi kiu, akasimama mbele ya ndoo asinywe. Ndiyo maana hupewa chumvi na maji njiani, na ndiyo maana yale mashuka ya idhmaar hayafai tena.

Katika vituo vya njiani daktari hupima mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida hutakiwa yashuke hadi 64 kwa dakika. Kisha huweka chombo chake ubavuni mwa farasi kusikiliza tumbo. Tumbo linalounguruma ni habari njema. Tumbo lililonyamaza linaweza kumtoa farasi katika mashindano hata kama miguu bado ina hamu ya kukimbia. Si wote wanaoheshimu mipaka hii, na mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi liliisimamisha kwa miezi kadhaa nchi moja ya Ghuba kwa sababu ya namna farasi walivyotendewa katika mbio hizi.

Yule mwanafunzi nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia: anakula vizuri jioni ya kabla, na kila anaposimama anakula kidogo na kunywa. Akafikiri, akauliza tena: "Na yule anayemchagulia shayiri, yeye analala saa ngapi?"

Wallaahu a'lam.