Nchi ya Lebanoni na Hesabu ya Watu Wake

Lebanoni ni nchi ndogo mno, maili za mraba zipatazo 4,000 tu, kando ya bahari ya Mediterania. Uwanda wake wa pwani ni mwembamba. Mtu akiipa bahari kisogo, milima i mbele yake papo hapo, na kilele kirefu kuliko vyote chapita futi 10,000, nacho hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Nyuma ya milima hiyo liko bonde la Bekaa, lenye rutuba nyingi, kisha safu nyingine ya milima mpakani mwa Siria.

Katika makorongo ya milima hiyo, watu wa dini zilizokuwa na wafuasi wachache, kama Wakristo wa Kimaroni na Wadrusi, walipata ngome tangu zamani, kila kundi na desturi zake.

Mwaka 1932, chini ya utawala wa Wafaransa, watu walihesabiwa, na Wakristo wakaonekana kuwazidi Waislamu kidogo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1943, wakubwa walipatana kwamba Rais awe Mmaroni na Waziri Mkuu awe Msunni. Tena viti vya Bunge viligawanywa, sita vya Wakristo kwa vitano vya Waislamu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1975, mapatano ya Taif ya mwaka 1989 yaliagiza viti hivyo viwe nusu kwa nusu.

Lakini hesabu ya watu haikurudiwa kamwe. Ni mwenye duka gani akaaye miaka tisini asihesabu mali yake? Sababu yajulikana: kila kundi lachelea kupungukiwa na fungu lake. Basi aulizaye idadi ya watu wa Lebanoni hupewa makisio tu.