Milango Miwili ya Haki

Leo twapenda kueleza jinsi majimbo ya Marekani yalivyorithi kutoka Uingereza mahakama za namna mbili. Katika mahakama ya sheria, kesi ilikatwa mbele ya raia 12 walioapishwa, na aliyeshinda kwa kawaida alipewa fedha. Lakini fedha hazimzuii jirani asizibe mto, wala hazimlazimishi mlinzi wa mali ya yatima kutoa hesabu. Mambo hayo yalipelekwa katika mahakama ya insafu. Jaji wake, aliyeitwa Chansela, aliamua bila raia wale, akaamuru: tenda hili, acha lile, na mkaidi aliweza kufungwa.

Tabu yake ilikuwa hii: aliyebisha mlango usio wake alirudishwa, hata kama dai lake lilikuwa la kweli, akaanza upya kwa gharama zake. Kwa hiyo New York, kwa katiba ya mwaka 1846, iliifuta mahakama ya insafu, ikaipa mahakama moja mamlaka ya namna zote mbili. Majimbo mengi yalifanya vivyo hivyo. Delaware, iliyoanzisha yake mwaka 1792, imeishika hata leo.

Basi tukumbuke kwamba mipaka ya mahakama si neno la mawakili tu. Yatima naye yamhusu.