Sahihi Si Ridhaa: Kile Kericho Inatufundisha Kuhusu Utafiti

Wasee, kabla uweke sahihi kwenye fomu ya mtafiti yeyote, hebu tuongee kuhusu Kericho. Wengi wetu tunaijua kwa picha: chai imetandazwa kama zulia, mvua ya saa nane, selfi kando ya barabara. Lakini ndani ya hayo mashamba kuna watu ambao afya yao imeandikwa kwenye majarida ya sayansi kwa zaidi ya miaka 70. Na swali la nani aliwauliza limechelewa sana kufika.

Tuanze mwanzo. Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mchuna chai akawa anaishi kwa nyumba ya kampuni, analipwa na kampuni, na akiugua anatibiwa na daktari wa kampuni. Shika hiyo point, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanaizunguka.

Malaria ilikuwa inapiga hayo mashamba vibaya hadi miaka ya 1940. Suluhisho likawa kuwapa wafanyakazi dawa ya paludrine kwa wingi, na milipuko ikapungua. Hiyo ni habari njema, sikatai. Mwaka 1950 jarida la udaktari la Afrika Mashariki likachapisha makala kuhusu paludrine kama kinga kwa vibarua Waafrika nchini Kenya. Sikia hilo neno: vibarua. Si wagonjwa, si washiriki. Na wakati huo dunia ilikuwa imeshapata Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotoka kwa kesi ya madaktari wa Nazi, zikisema ridhaa ya hiari ya mtu ni lazima. Kumbe kanuni inaweza kuandikwa Ulaya na isifike kambi za chai.

Malaria ikarudi kwa nguvu miaka ya 1990, na wanasayansi wakafungua rekodi za hospitali ya kampuni, za zaidi ya miaka 30. Hapo Kericho ikawa maarufu. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioitaja kati ya sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukidai hali ya hewa haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza kurudi kwa malaria. Mwaka 2006 wengine wakapinga wakisema joto limepanda. Mabishano yakaendelea miaka na miaka. Manze, fikiria: mama ameenda dispensari na homa mwaka 1975, na homa yake inabishaniwa na maprofesa wa Marekani na Uingereza. Kamati za maadili huruhusu rekodi zisizo na majina zitumike bila kumuuliza kila mtu, na mimi naona sawa. Kisichokuwa sawa ni majibu kuishia kwenye jarida na kutorudi kambini.

Halafu ukaja UKIMWI. Kuanzia 2003, KEMRI pamoja na mradi wa jeshi la Marekani, Walter Reed, walifuatilia afya ya karibu watu 2,800 wa mashamba ya chai Kericho. Takribani 14 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Hii haikuwa 1950. Kulikuwa na kamati za maadili, fomu za ridhaa na ushauri nasaha. Mradi huohuo ulisaidia kuleta ARV eneo hilo kupitia pesa za PEPFAR. Watu wako hai leo kwa sababu ya hiyo kazi.

Sisemi kuna aliyelazimishwa. Nasema fomu inauliza swali moja tu: umekubali? Swali la kwanza lingekuwa: ungeweza kukataa?

Azimio la Helsinki, linaloongoza utafiti wa kitabibu duniani, linajua hilo. Linasema kama mtu anamtegemea daktari anayefanya utafiti, ridhaa iombwe na mtu mwingine asiye na hiyo nguvu juu yake. Sasa kambini mtu hamtegemei daktari pekee. Nyumba, mshahara, matibabu, vyote vinatoka mlango mmoja. Na tusijifanye hatujui nguvu ya msimamizi. Mwaka 2023 wanawake zaidi ya 70 waliiambia BBC kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Mahali ambapo kumkatalia msimamizi kunaweza kukunyima kazi, mtafiti akiletwa na huyo msimamizi, ile "hiari" iko wapi?

Hii si historia ya wazee peke yao. Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, Bomet nayo ina chuo chake. Anayebisha hodi na dodoso siku hizi anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako anayetafuta digrii. Sheria ya 2013 inamtaka awe na leseni ya NACOSTI. Sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ili apate kazi. Ile ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti.

Kwa hivyo akija, muulize. Leseni iko wapi? Kamati gani ya maadili ilipitisha hii kazi? Bosi wangu ataona majibu yangu? Nikitoka katikati, matibabu yangu yataguswa? Na mkimaliza, mtarudi kutuambia mmepata nini?

Na kama wewe ndiye mtafiti, usiingie kambini ukiwa nyuma ya msimamizi. Nenda jioni watu wakiwa wametoka kazini, keti nao, waeleze kwa Kikipsigis au Kiswahili, kisha waache walale juu ya hilo jambo. Atakayekuambia hapana kesho yake, mshukuru. Huyo ndiye anakuonyesha kwamba wale waliosema ndiyo walikuwa na nafasi ya kukataa.