Safu ya Lugha: Huria si bure
Mafundi simu wa Oldeani na Karatu hupenda kusema Android ni "ya bure", na wakitaka kuipamba zaidi husema "huria", kana kwamba ni neno lilelile. Bure ni kisicholipiwa. Huria limetokana na Kiarabu, hurriya, yaani uhuru, na kwetu hubeba maana ya kutofungwa: soko huria, kwa mfano. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, hutoza ada kama vyuo vingine. Muulize mlipaji yeyote. Kwa upande wa programu, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Uliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili. Huo ndio uhuria.

Sasa simu ya Android. Kiini chake ni Linux, na hicho ni huria kweli. Lakini modemu, kamera na chipu ya michoro hutegemea programu za kiwandani na viendeshaji ambavyo mara nyingi msimbo wake umefichwa. Hukuvilipia kando, basi viite vya bure ukipenda, huria, hapana. Mtengeneza chipu akiacha kuvihuisha, fundi akapandisha toleo jipya la mfumo, kamera inaweza kugoma, naye hana pa kufungua arekebishe. Na tafadhali, tuseme viendeshaji. Madereva ni wale wanaowashusha watalii kwenye kreta ya Ngorongoro.