Kimeng'enya: Maana ya Istilahi na Nafasi Yake katika Kuharibika kwa Mimba Changa

Kimeng'enya ni kitu kinachoundwa na seli hai ili kuharakisha mabadiliko ya kikemia, nacho chenyewe hakimaliziki katika kazi hiyo. Karibu vimeng'enya vyote ni protini. Kila kimoja kina kazi yake: kinachovunja wanga hakigusi mafuta, na kinachounda homoni hakishughuliki na sukari. Hufanya kazi vizuri katika joto maalumu na kiwango maalumu cha asidi. Joto likipanda mno, umbo lake huharibika na kazi husimama. Bila vimeng'enya, mabadiliko mengi ambayo seli huyamaliza kwa nukta moja yangechukua miaka, na uhai usingewezekana.

Jina la kimataifa, ambalo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huliandika enzaimu, lilibuniwa na mwanafiziolojia wa Ujerumani, Wilhelm Kühne, katika miaka ya 1870. Alilitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira, yakiwa hayana seli hai, bado huweza kugeuza sukari kuwa kileo. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Kazi ya aina hiyo haikuwa ngeni kwa wakazi wa kando ya Mto Nile: rojo ya mtama huchachushwa ili kupika mkate mwembamba wa kisra, na mtama ulioota hutumika kutengeneza pombe ya merisa kwa sababu mbegu inayoota hutoa amilesi, kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari.

Wanaistilahi wa Kiswahili hawakupita njia ya chachu. Walikitwaa kitenzi kumeng'enya, yaani kukivunjavunja chakula tumboni mpaka kiweze kufyonzwa na mwili, wakaunda kimeng'enya kwa kanuni ileile iliyozaa kipaza sauti na kizima moto: kitu kinachotenda tendo fulani. Mwanafunzi anayesoma habari za mate na nyongo huielewa istilahi hii mara moja. Upungufu wake ni kwamba huifunga dhana tumboni, ilhali vimeng'enya vingi havisagi chakula. Vipo vinavyojenga, vinavyorekebisha na vinavyolinda. Neno kichocheo lingeweza kusaidia, lakini watu wengi, hasa Tanzania, hulitumia kwa homoni, na kwa hiyo lingezidisha utata.

Utata huo una uzito katika mji kama Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Humo Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiingereza hukutana na Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kenya na Uganda, na cha familia zilizoishi ukimbizini Kakuma, Kenya, kabla ya kurudi nyumbani. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya maneno ya afya yanayoeleweka pande zote imeongezeka. Mama aliyepoteza mimba akiambiwa kwamba vimeng'enya vimehusika, anaweza kudhani kosa ni chakula alichokula. Kwa hiyo maelezo ya istilahi hayana budi kwenda pamoja na maelezo ya kazi yenyewe.

Kuharibika kwa mimba, au mimba kutoka, ni mimba kukoma yenyewe kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Kutoa mimba ni jambo jingine, maana huko kuna aliyekusudia. Mpaka wa wiki hutofautiana: Marekani huhesabu wiki 20, Uingereza 24, na Shirika la Afya Duniani hutumia 28. Mimba changa kwa kawaida ni ile iliyo katika miezi mitatu ya kwanza, na hapo ndipo mimba nyingi zinazoharibika hutoka. Kati ya mimba zinazotambuliwa, takriban moja hadi mbili katika kila kumi huishia hivyo. Karibu nusu ya hizo hutokana na kasoro ya kromosomu iliyotokea yai au mbegu ilipoundwa, au muda mfupi baada ya kuungana kwao. Ukweli huu lazima utangulie, kwa kuwa hakuna kimeng'enya kinachoweza kuponya kasoro hiyo, na hakuna alilotenda mama lililoileta.

Kazi ya kwanza ya vimeng'enya ni kujipandikiza kwa kiinitete. Siku sita hadi kumi baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Seli zake za nje, ambazo baadaye hujenga kondo la nyuma, hutoa vimeng'enya vya kundi la metaloprotinesi. Hivi huyeyusha nyuzi za kolajeni zinazoshikilia tishu za ukuta huo, na seli hupenya hadi kwenye mishipa ya damu ya mama. Wakati huohuo, mama na kiinitete hutoa protini za kuvizuia visipitilize. Upenyaji ukiwa hafifu, mishipa haipanuki inavyotakiwa na kondo hukosa msingi imara. Ukizidi, kondo hung'ang'ania ukuta na huweza kusababisha damu nyingi wakati wa kujifungua. Kinachotakiwa ni uwiano wa vinavyoyeyusha na vinavyozuia, na neno kumeng'enya peke yake halielezi upande wa pili.

Kazi ya pili ni ujenzi wa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuustawisha utando wake. Projesteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli kwa hatua mbili, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Mwanzoni hutoka kwenye ovari, mahali yai lilipochopoka. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo la nyuma hushika kazi hiyo. Ovari ikiondolewa sehemu hiyo kabla ya makabidhiano, mimba hutoka. Hata hivyo, kumpa kila mjamzito projesteroni hakujaonekana kuwa na faida. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanaoelekea kufaidika ni wanawake wanaotokwa na damu katika mimba changa na ambao wamewahi kupoteza mimba, na mwaka 2021 mwongozo wa tiba wa nchi hiyo uliwapendekezea dawa hiyo.

Kazi ya tatu ni ulinzi. Nusu ya jeni za mtoto zimetoka kwa baba, na kinga ya mama ingeweza kumwona kuwa mgeni. Mwaka 1998 watafiti wa Georgia, Marekani, walionyesha kwamba kondo la nyuma la panya lina kimeng'enya kinachoteketeza triptofani, asidi amino ambayo seli za kinga huihitaji ili kuongezeka. Walipokizuia, panya waliobeba mimba za madume wa ukoo tofauti walizipoteza, na waliobeba mimba za madume wa ukoo wao hawakuzipoteza.

Ulinzi mwingine ni dhidi ya oksijeni yenyewe. Katika wiki za kwanza, seli za kondo huziba midomo ya mishipa ya mama, na kiinitete hukua katika mazingira yenye oksijeni kidogo. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 mishipa hufunguka taratibu na oksijeni huongezeka zaidi ya maradufu. Vimeng'enya kama katalesi na superoksidi dismutesi huondoa kemikali haribifu zinazotokana na ongezeko hilo. Katika mimba nyingi zinazoharibika, damu ya mama huingia mapema na kwa wingi kabla kinga hiyo haijakomaa, na tishu za kondo huungua kikemia.

Kimeng'enya kinachotajwa sana kliniki ni kile kinachoiandaa foleti kwa matumizi ya seli, maarufu kwa kifupi chake MTHFR. Mwaka 1995 lilitambuliwa badiliko la jeni linaloleta aina yake moja dhaifu, inayoharibika upesi kwa joto, na kwa miaka kadhaa aina hiyo ilidhaniwa kuwa chanzo cha mimba kutoka mara kwa mara. Ushahidi uliofuata haukulithibitisha hilo, na tangu mwaka 2013 wataalamu wa jenetiki wa Marekani hushauri kipimo hicho kisifanywe kwa sababu hiyo. Aina hiyo pia ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Asidi foliki ya miligramu 0.4 kwa siku inabaki kuwa muhimu, kwa kuwa huzuia kasoro za uti wa mgongo wa mtoto.

Kwa Juba, mfano wenye manufaa zaidi uko katika kimelea cha malaria. Malaria huambukizwa huko mwaka mzima na huzidi majira ya mvua. Utafiti wa mpakani mwa Thailand na Myanmar, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa malaria ya miezi mitatu ya kwanza huongeza uwezekano wa mimba kutoka takriban mara tatu hata mama asipokuwa na dalili, na mara nne akiwa nazo. SP, dawa ya kukinga malaria anayopewa mjamzito kliniki, huzuia vimeng'enya viwili ambavyo kimelea huvitumia kujitengenezea foleti. Kimoja hakimo kabisa katika mwili wa binadamu. Kingine kimo, lakini kile cha kimelea hunaswa na dawa kwa urahisi zaidi. Jeni za vimeng'enya hivyo zikibadilika, dawa hushindwa kuvishika, na huo ndio usugu ulioenea Afrika Mashariki. Asidi foliki ya miligramu 5 kwa siku pia huipunguzia SP nguvu. Ile ya miligramu 0.4 haina madhara hayo.

SP huanza kutolewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa hiyo haiilindi mimba changa. Kinga ya kipindi hicho ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa na kupima malaria mapema homa ikianza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kwa malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo. Nje ya malaria, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazohusika na upandikizaji na mikazo ya mji wa mimba. Mjamzito asizimeze bila ushauri wa mhudumu wa afya. Akitokwa na damu, akipata homa, maumivu makali au uchafu wenye harufu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja, kwa kuwa hatari kubwa baada ya mimba kuharibika ni kupoteza damu na maambukizi.

Kwa matumizi ya kliniki na darasani, istilahi kimeng'enya inafaa kubaki, ila ifafanuliwe kwa upana wake wote: protini inayoendesha badiliko moja mahususi la kikemia, liwe la kuvunja, kujenga au kulinda. Kwa maana hiyo, vimeng'enya vinahusika na kila hatua ya mimba changa, lakini ni nadra viwe chanzo pekee cha kuharibika kwake, na kwa vyovyote vile si kosa la mama.