Mfumo Ikolojia Darasani: Kumfundisha Mwanafunzi Namna Viumbe Wanavyotegemeana

Mfumo ikolojia ni jumla ya viumbe hai wanaoishi mahali pamoja, wakihusiana wao kwa wao na kuhusiana pia na vitu visivyo hai vinavyowazunguka, vikiwamo maji, hewa, udongo, mwanga na joto. Dhana hiyo ilipewa jina mwaka 1935 na mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, aliyesisitiza kuwa viumbe hawawezi kueleweka wakitenganishwa na mazingira yao. Kiini cha somo hili kwa mwanafunzi ni uhusiano huo. Mtoto anayeweza kutaja wanyama 20 bila kueleza nani anamtegemea nani bado hajauelewa mfumo ikolojia.

Somo hili lina uzito pia kwa raia. Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili za nchi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na wajibu wa kuyatunza. Mtoto aliyeko darasani leo ndiye mkulima, mfugaji, mvuvi, mhandisi au diwani wa kesho, na maamuzi yake yatagusa viumbe na watu ambao huenda asiwaone kamwe.

Ngazi za mpangilio

Walimu wengi huona ni rahisi kuanza na kiumbe mmoja, kisha kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Hifadhi ya Taifa Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, inatoa mfano ulio wazi.

Nyumbu mmoja ni kiumbe. Nyumbu wote wanaoishi na kuzaliana katika eneo hilo ni kundi la spishi moja. Nyumbu hao pamoja na pundamilia, simba, fisi, ndege, wadudu, nyasi na migunga wanaunda jamii ya viumbe. Jamii hiyo ikiunganishwa na mvua, udongo, mito, mwanga wa jua na moto wa nyika, hupatikana mfumo ikolojia. Mifumo inayofanana kwa hali ya hewa na uoto, kama savana za Afrika, huunda ukanda mkubwa zaidi, na sehemu yote ya dunia yenye uhai huitwa bayosfia.

Ndani ya jamii ya viumbe kila mmoja ana kazi yake. Mimea ni wazalishaji, kwa kuwa hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Nyumbu anayekula nyasi ni mlaji wa kwanza, na simba anayemla nyumbu ni mlaji wa pili. Bakteria na kuvu ni waozeshaji, wanaorudisha virutubisho kwenye udongo na maji. Kwa kawaida ni takriban asilimia 10 tu ya nishati inayopita kutoka ngazi moja ya ulaji kwenda inayofuata, kwa sababu sehemu kubwa hutumika katika uhai wa kiumbe na kupotea kama joto. Ndiyo maana nyasi ni nyingi kuliko nyumbu, na nyumbu ni wengi kuliko simba.

Funzo la sotoka

Mwanafunzi huelewa zaidi anapooneshwa kilichotokea pale kiungo kimoja cha mfumo kilipobadilika. Katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika Mashariki na kuua idadi kubwa ya ng'ombe, nyati na nyumbu. Kwa miongo kadhaa baadaye, virusi vya ugonjwa huo viliendelea kutoka kwa ng'ombe na kuwaambukiza nyumbu wa Serengeti, hasa ndama.

Chanjo ilipotolewa kwa ng'ombe waliozunguka eneo hilo, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu, ambao wakati huo walikuwa takriban robo milioni, waliongezeka na kuvuka milioni 1 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi nyingi zaidi, hivyo nyasi kavu zilizobaki kuwaka moto wakati wa kiangazi zikapungua. Moto ulipopungua, miche mingi ya miti ilinusurika na kukua. Simba na fisi nao walipata mawindo zaidi.

Chanjo iliyokusudiwa kuokoa mifugo ilibadilisha idadi ya nyumbu, moto wa nyika na hata miti. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa rasmi kuwa imetokomezwa duniani, ikiwa ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui.

Mabadiliko ya aina hii hayaleti manufaa pekee. Katika Ziwa Victoria, sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Samaki huyo alileta biashara kubwa ya minofu na ajira, lakini pia alichangia kutoweka kwa spishi nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi nani alinufaika, nani alipoteza, na ni maswali gani yalipaswa kuulizwa kabla ya uamuzi huo.

Mfumo usio na uzio

Ni muhimu pia mwanafunzi ajue kuwa mipaka ya ramani si mipaka ya mfumo ikolojia. Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Msitu ukikatwa kwenye chanzo, athari huwafikia wanyama wa hifadhini, wakulima na wavuvi walio mbali na huko. Hata maelfu ya nyumbu wanaozama wakivuka mto huo kila mwaka hawapotei bure. Nyama yao hulisha mamba, samaki na tumbusi, na mifupa yao huendelea kutoa virutubisho kwa miaka kadhaa.

Mbinu zisizohitaji gharama kubwa

Shule isiyoweza kufika hifadhini ina mfumo ikolojia uwanjani. Wanafunzi wanaweza kupima eneo la mita moja kwa mita moja kwa kutumia kamba na vijiti, kisha kuorodhesha mimea na wadudu waliomo. Eneo moja liwe chini ya mti na jingine liwe sehemu inayofagiliwa kila siku. Tofauti watakayoiona itawafundisha kazi ya kivuli, majani yaliyooza na unyevu. Mwalimu awakumbushe kutoshika wadudu au mimea wasiyoifahamu.

Mbinu nyingine ni mchezo wa kamba. Kila mwanafunzi hubeba kadi yenye jina la kiumbe, jua, maji au udongo, na kamba huunganisha wanaotegemeana. Mmoja anapoivuta kamba yake, wote wanaohisi mvuto huinua mkono. Mchezo huo huonesha kwamba mnyororo wa chakula ni sehemu tu ya mtandao mpana zaidi.

Makosa ya kusahihisha mapema

Kosa la kwanza ni kuchora mshale kinyume. Katika mnyororo wa chakula, mshale huelekea kwa anayekula, kwa kuwa unaonesha njia ya nishati: kutoka nyasi kwenda kwa nyumbu, na kutoka nyumbu kwenda kwa simba.

Kosa la pili ni kuwasahau waozeshaji. Bila wao, mizoga na majani makavu yangerundikana, na udongo ungeishiwa rutuba.

Kosa la tatu ni kudhani kuwa mfumo ikolojia ni mbuga ya wanyama pekee. Shamba la mahindi, bwawa la kijiji na msitu wa mikoko ni mifumo ikolojia pia, na binadamu ni mmoja wa viumbe waliomo.

Mwanafunzi aliyelielewa somo hili atauliza swali moja kabla ya kukata mti, kuchoma nyika au kumwaga taka mtoni: ni nani mwingine anayekitegemea kitu hiki? Jibu la swali hilo ndilo linalomwezesha kuutimiza wajibu ambao Katiba imempa.