Bunduki Inayokula Kidogo

Guku wangu, baba yake mama, alikuwa na gobore na kopo la tumbaku. Koponi hamkuwa na tumbaku bali fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo ya bunduki ili baruti iwake. Akizihesabu, husemi naye. Wajomba walipomchokoza kwamba Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, ana bunduki ya maana huku yeye anashindilia kutu, aliwarudishia swali: "Hiyo ya Bwana Nyama mtailisha nini?"

Nimefundisha historia Kahama miaka mingi, na sijapata swali linaloeleza silaha za Usukuma na Unyamwezi vizuri kuliko hilo. Vitabu huhesabu bunduki. Mnunuzi alihesabu baruti.

Katika karne ya 19 vijana wa huku walishuka Bagamoyo na misafara, pembe za ndovu begani, mwendo wa miezi mitatu hivi, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Bunduki zilikuwa rahisi kwa sababu Ulaya zilikwisha kuwa takataka. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria wakiwa na bunduki za kujazwa kwa nyuma, na majeshi mengine yakakimbilia mtindo huo. Zile za kushindilia mdomoni zikauzwa kwa bei ya kutupa, nyingi zikaishia Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka.

Mpagazi mwenye ujira mdogo alikuwa na la kuchagua. Gumegume liliwashwa na jiwe lililogonga chuma: jiwe likichakaa unatia jingine, lakini siku ya mvua baruti ya kisahanini inalowa, unabaki umeshika rungu. Bunduki ya fataki haikuogopa sana unyevu, ila kila mlio ulikula fataki moja, na fataki hazichimbwi Msalala. Risasi yenyewe haikuwa na shida. Kipande cha chuma kilitosha, na chuma kilikuwepo. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo waliyeyusha mawe na kufua majembe yaliyofika Usukuma, zamani kabla ya Mzungu yeyote kuulizia dhahabu ya huko.

Hata Mirambo, mtemi wa Urambo, alibanwa palepale. Vita vyake na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, husimuliwa kama ugomvi wa njia, ushuru na pembe, na ni kweli. Lakini rugaruga, askari wake, wakiwa na bunduki wanataka baruti, na baruti ilipanda kutoka pwani. Aliyeishika njia alizishika bunduki za mwenzake bila kuzigusa. Mimi navisoma vita vile kwa jicho hilo.

Wazungu nao walijua hilo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo, kwa masharti, kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo gobore la babu zetu halikuwa ushamba. Ndilo lililobaki dukani.

Guku alinunua lake kwa fedha za pamba, kwa kibali cha Mwingereza, na baruti nayo ilitaka kibali. Nilimwona akishindilia: baruti kutoka pembe ya ng'ombe, nyuzi za katani, mdeki unashuka taratibu, vipande vya msumari, katani tena. Fataki aliitia mwisho kabisa, windo likiwa limeshaonekana. Kanga mmoja hakustahili mlio. Alingoja wawili watatu wajipange. Nguruwe wa shambani aliwafukuza kwa debe. Kumbe miaka michache nyuma, kati ya 1945 na 1951, serikali iliua wanyamapori kwa maelfu huko Shinyanga, ikijaribu kuwanyima mbung'o chakula. Risasi za serikali hazikai koponi.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, silaha za kivita zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakazipata. Kuanzia 1981–82 wanakijiji wa Kahama na Shinyanga walipojipanga kuwa sungusungu, hawakukimbilia bunduki. Walichukua upinde, mishale na filimbi, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanamume alitoka. Wapo wanaosema huo ulikuwa umaskini, wengine wanasema mila. Nadhani ilikuwa hesabu ileile ya wazee: ncha ya mshale inafuliwa na mhunzi wa jirani, mshale uliokosa shabaha unaokotwa asubuhi, na hakuna afisa wa kulifunga ghala lake. (Walikuwa na ukatili wao pia. Vikongwe walioitwa wachawi waliupata, na hilo lataka makala yake.)

Polisi na mahakimu hawakuwapenda sungusungu, maana watu wanaojilinda kwa silaha isiyohitaji leseni ni vigumu kuwapangia. Mwalimu Nyerere aliwatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili sungusungu watambuliwe. Sikumbuki mwaka ule mtu yeyote kijijini kwetu akienda kuomba bunduki. Mhunzi wetu, kwa upande wake, alikuwa na kazi mpaka usiku.